Mlango wa Pili Kwenye Ruta

1 Oktoba, Mbwawa

Kuanzia leo naiona nyumba yangu nikiwa kazini. Kamera ni mbili, moja barazani na moja chumbani kwa Baba, na jioni hii fundi Tito alikuja kumalizia upande wa ruta. Tito ni mtu mzima, ana mvi na goti bovu, miaka ile alikuwa akipanda nguzo za simu za mezani. Nilikaa naye kiti kwa kiti. Mtu akishika ruta yako wewe ukiwa jikoni, hujui ameacha nini humo. Nilinyanyuka mara moja tu, kwenda kumpikia chai.

Alinieleza vizuri, nampa haki yake. Ruta ni mlinzi wa geti. Wa ndani akitoka haulizwi, lakini wa nje akibisha hodi anafukuzwa, kwa sababu mlinzi hajui anakwenda kwa nani. "Sasa dada Mwanne, tunamwachia maagizo," alisema. "Tunamwambia, akija mgeni kwenye mlango namba fulani, usimhoji, mpeleke moja kwa moja kwenye kamera. Hiyo ndiyo kuelekeza poti. Poti ni huo mlango wenye namba." Akaandika namba, akaandika anwani ya kamera, akahifadhi. Nikazima waifai kwenye simu, nikaingia kwa bando, nikamwona Baba amekaa kitandani anajikuna sikio.

"Na mlango huu unafungwa saa ngapi?" nilimuuliza.

"Huu haufungwi. Uko wazi muda wote. Kwa hiyo weka nywila ngumu."

Nimeweka ngumu kiasi kwamba mimi mwenyewe nimelazimika kuiandika nyuma ya kalenda.

Sababu ya yote haya ni Baba. Mzee Mwinyimadi ana miaka sabini na minane. Mwezi wa tano alianguka kwake Masaki, huko Kisarawe, akavunjika nyonga. Kaka yangu Mashaka, anayeishi naye, alitaka auguzwe huko huko. Nilikodi gari nikaenda kumchukua, na tangu siku hiyo Mashaka na mimi tunaongea kwa kuhesabu maneno. Baba amepasuliwa, sasa anatembea na fremu ya chuma, na kila siku ananiuliza swali moja tu: lini anarudi, maana korosho zimeanza kuanguka. Namjibu daktari akiruhusu.

Daktari aliruhusu wiki iliyopita. Naliandikia daftari hili ukweli huo kwa sababu hakuna mwingine ninayeweza kumwambia. Nikimrudisha ataingia shambani, ataanguka tena, na safari hii sitakuta mtu wa kuchukua.

3 Oktoba

Joto. Nimeangalia kamera mara kumi na nne. Baba amelala, ameamka, amelala.

6 Oktoba

Nimefua kanzu za Baba. Kwenye mfuko wa ile ya kahawia nimekuta korosho saba, kavu, zimeng'aa kwa kushikwashikwa. Ni za msimu uliopita. Kwetu hakuna anayeokota korosho kabla ya mwenye shamba. Asubuhi ya kwanza Baba huingia peke yake, husoma fatiha, huokota saba, hutia mfukoni, ndipo sisi wengine tunaruhusiwa kuingia na ndoo. Hizo saba hukaa naye mwaka mzima, kisha anazirudisha chini ya mti siku anapookota nyingine. Nilipokuwa mdogo nilidhani akizipoteza miti itakufa.

Zimetia doa kitambaa. Nimezitupa kwenye pipa la barazani pamoja na maganda ya ndizi na kikaratasi alichoniachia Tito chenye namba zake za poti. Nimechoka kuishi na vitu vya mifukoni.

7 Oktoba

Saa nne asubuhi, niko kazini masjala, nimefungua simu chini ya meza. Kamera ya barazani inamwonyesha Jenifa, dada anayemhudumia Baba, ameinama kwenye pipa la taka. Amepekua mpaka chini, amepata kitu, amekifuta kwenye khanga, amekifunga kwenye ncha na kuingia ndani.

Jenifa ni mjane, mtu wa Kigoma, yuko kwangu tangu mwezi wa saba. Hana makuu na hana maneno. Mtu asiye na maneno huwa simwelewi. Nimekaa na hiyo picha mpaka saa za kutoka. Kwenye lile pipa kitu pekee chenye maana kilikuwa kikaratasi cha Tito.

Nimefika nyumbani nimelitazama pipa. Kikaratasi kimo, kimelowa maji ya ndizi. Lakini anaweza kuwa amekipiga picha na kukirudisha. Miaka ishirini na miwili ya masjala imenifunza kwamba faili halipotei, kuna mtu amelikalia.

9 Oktoba

Baba kaniuliza tena. Nikasema daktari. Akasema, "Haya mama," akageukia ukutani.

14 Oktoba

Sikukuu, niko nyumbani. Asubuhi nimeongea kwa simu na Sada, tumekua naye Masaki. Kwa habari zake watu wameshaanza kuokota tangu mwisho wa mwezi wa tisa, magunia yanapita kwa bodaboda kila siku kwenda ghalani. Nikamuuliza kuhusu shamba letu. Akasema hapiti upande ule siku hizi. Sada hajawahi kukosa kupita upande wowote.

Nikampigia Mashaka.

"Korosho vipi huko?"

"Hatujaanza."

"Watu wote wameanza, ninyi hamjaanza?"

"Tunamsubiri mwenyewe aingie."

"Mashaka, mimi si mtoto."

"Sijasema wewe mtoto. Nimesema tunamsubiri Baba. Umlete."

Nikakata. Mwaka huu wamekuwa watu wa mila. Miti mia na ishirini, na mtu aniambie zinaanguka anazitazama. Anaokota, anauza, na mwisho wa msimu nitaambiwa mwaka ulikuwa mbaya. Na anataka nimpeleke Baba ili awe na wa kumsingizia.

15 Oktoba

Mawingu tangu asubuhi. Hayakunyesha.

19 Oktoba



Picha ya kamera ilikuwa inakwama tangu juzi. Nikasema niingie kwenye ruta mwenyewe, nione. Nikawasha kompyuta, nikaandika ile anwani, nikaweka nywila ya nyuma ya kalenda. Ukurasa wa maagizo ya poti ukafunguka. Pale kwenye orodha nilitegemea kuona agizo moja, la kamera. Lipo. Lakini chini yake kuna kichwa kingine cha habari, poti za kuchochewa, na hapo kuna agizo la pili. Lina namba mbili ambazo sijawahi kuzisikia. Limewashwa. Mimi sikuliweka.

Nilikaa nikilitazama mpaka chai ikapoa. Kuna mlango kwenye nyumba yangu na sina ufunguo wake.

Kisha nikakumbuka kwamba ruta inaweka kumbukumbu. Masjala ni masjala hata iwe ya mashine. Nikafungua. Inaandika saa na namba ya mlango basi, haisemi ni nani. Lakini saa inatosha kwa mtu anayejua kusoma daftari la watu. Tarehe mbili, saa moja kasoro kumi asubuhi, mlango wa pili umefunguka, umefungwa saa moja na dakika tano. Tarehe tatu, vilevile. Tarehe nne, vilevile. Tano na sita, kimya, nayo ilikuwa Jumamosi na Jumapili. Saba, tena. Tarehe kumi na nne, kimya, siku ya sikukuu.

Mimi hutoka nyumbani saa moja kasoro robo. Dakika tano baada ya geti langu kufungwa, mtu anafungua mlango wake. Siku ninazoshinda nyumbani hagusi. Anajua ratiba yangu kuliko bosi wangu.

Nimempigia Tito. Simu imeita mpaka ikakata. Mara ya pili akapokea.

"Fundi, kuna agizo la pili kwenye ruta yangu."

Nilisikia mtu anagonga nyundo kwa mbali.

"Dada Mwanne, hilo halimdhuru mtu."

"Nani kaliweka?"

"Nimeliweka mimi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya mtu wa nyumba hiyo," akasema, tena kwa upole, kama mtu anayemwambia mgonjwa habari zake. "Naomba uulize humo ndani kwanza. Mimi nimeahidi."

Nikamwambia nitampeleka polisi. Akasema sawa dada.

20 Oktoba

Nimeshinda nikisoma. Kuchochea poti ni tofauti na kuelekeza. Ule mlango wa kamera uko wazi kwa aliye nje wakati wote, mradi ajue namba. Huu wa pili umefungwa siku zote. Unafunguka pale tu mtu wa ndani anapotangulia kutuma kitu nje kwa namba ya kwanza. Ruta ikimwona anatoka, ndipo inafungua namba ya pili ili majibu yapite kuja kwake. Akinyamaza, unajifunga wenyewe.

Maana yake hakuna mwizi anayebisha kutoka nje. Mchochezi yuko ndani ya nyumba yangu, na saa moja kasoro kumi ndani ya nyumba yangu kuna watu wawili. Mmoja ana miaka sabini na minane, simu yake nimeifungia kabatini tangu matapeli walipotaka kumtumisha hela, na chombo chake pekee ni kishikwambi cha zamani alichoacha binti yangu Fadhila alipokwenda chuo, hakina laini, anasikilizia Kurani.

Mwingine ni Jenifa.

21 Oktoba

Nimeangalia kamera nikiwa kituoni nasubiri daladala, saa moja kasoro tano. Baba amekaa kwenye kiti, ameipa kamera mgongo, anafanya nyiradi zake, kichwa kinakwenda mbele na nyuma. Jenifa amesimama mlangoni anatazama nje, anachungulia geti. Anachungulia kama mimi nimerudi.

24 Oktoba

Nimemwachisha kazi Jenifa.

Nilimwita sebuleni jioni. Nikamwambia najua kuhusu pipa, najua kuhusu mlango wa saa moja kasoro kumi, aseme mwenyewe kabla sijasema mimi. Alisimama na mikono nyuma. Nikamuuliza ameiba nini nyumbani kwangu na anampelekea nani.

"Sijaiba, dada."

"Ulitoa nini kwenye pipa?"

Akatazama chini. "Siwezi kukwambia. Nimeombwa."

"Umeombwa na Tito?"

"Hapana."

Nikamwambia basi afunge mizigo. Hakulia, na hilo ndilo lililonitia hasira zaidi. Alikwenda chumbani kwa Baba akakaa dakika chache, akatoka na begi lake. Getini aligeuka akasema, "Babu anakunywa ile dawa nyeupe baada ya uji. Ukimpa kabla anatapika." Akaenda zake.

Baba hakula usiku huu. Ameniuliza Jenifa yuko wapi. Nimesema ameomba ruhusa. Nasema uongo sasa kwa wepesi wa kusalimia.

28 Oktoba

Nilichukua ruhusa ya Ijumaa kumtazama Baba, leo nimerudi kazini. Jirani anaingia kumwona saa tatu.

Mlango wa pili umefunguka saa moja kasoro kumi. Jenifa hayupo. Nimesoma kumbukumbu mara tatu.

Je, ana ufunguo wa nyumba? Tito ana njia nyingine? Sitaki kuandika ninachofikiri.

30 Oktoba

Sada kapiga simu mwenyewe. Mawingu Masaki yameshuka mpaka kwenye miti, wenye korosho wanakimbizana, maana mvua ikizikuta chini zinageuka nyeusi na hakuna wa kuzipokea. Nikamuuliza, "Na Mashaka?" Akasema, "Nenda ukaone mwenyewe, shoga yangu. Mimi nikikwambia hutaniamini."

31 Oktoba

Nimelifuta agizo la pili. Nimebofya futa, ruta ikaniuliza una uhakika, nikabofya ndiyo. Kubadilisha nywila nimebadilisha, na kalenda nimeing'oa ukutani.

Sasa nyumba ni yangu.

1 Novemba

Naandika mambo yalivyokuwa, kwa mpangilio, ili nisije baadaye nikajitetea.

Saa moja kasoro kumi asubuhi nilikuwa kituoni, simu mkononi, spika sikioni. Kamera ya chumbani ina sauti lakini sijawahi kuifungulia, maana nilidhani nitasikia nyiradi. Leo nimeifungulia. Nilitaka kusikia kama kuna mtu anaingia.

Baba yuko kwenye kiti, mgongo kwenye kamera, kama kila siku. Kishikwambi kiko mapajani. Kichwa kinakwenda mbele na nyuma, na safari hii nikasikia anachosema.

"Haloo. Mashaka. Haloo, mnanisikia?"

Akasubiri. Akakitikisa kishikwambi. Akakisogeza sikioni.

"Haloo. Leo siwasikii. Mashaka, baba."

Nilijua papo hapo. Tito alinieleza vizuri siku ile ya kwanza na mimi nilisoma yaliyobaki. Wa ndani akitoka haulizwi. Sauti ya Baba ilikuwa inatoka na kufika Masaki. Ya Mashaka ndiyo iliyokuwa inabisha hodi kwangu na kufukuzwa, kwa sababu jana nilimwondolea mlango wa kurudia.

Baba akangoja tena. Akasema polepole, kwa sauti ile aliyotumia zamani kututuma kisimani:

"Sijui kama mnanisikia. Kama mnanisikia, basi. Nasikia huko mvua inakuja. Msiningoje tena. Mashaka, ingia wewe. Soma fatiha, okota saba, ziweke mfukoni kwako. Mwanne ana kazi nyingi, hana nafasi ya kunileta. Msimlaumu. Ingieni."

Akakaa. Akakiweka kishikwambi sikioni kwa mara nyingine, akasikiliza muda mrefu, kisha akakilaza kitandani kifudifudi na kujifuta uso kwa kofia yake.

Daladala yangu ilikuja ikaondoka. Nilikuwa nalia pale kituoni mbele ya watu wanaonijua, na mama mmoja akaniuliza nimefiwa.

Nikampigia Mashaka. Alipokea kabla haijaita mara mbili.

"Umemsikia?" nikamuuliza.

"Tumemsikia sote. Yeye ndiye hatusikii. Nimejibu mpaka sauti imekauka."

"Kwa hiyo mnaingia?"

"Hatuingii. Mwezi mzima namwambia kila asubuhi, Baba hatuingii bila wewe, na yeye ananiambia subirini, Mwanne atanileta. Kila asubuhi anakutetea. Leo ndiyo mara ya kwanza kukata tamaa. Siwezi kuokota kwa tamaa iliyokatwa. Zioze."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikwambia. Ukanijibu wewe si mtoto."

Sikwenda kazini. Nilikwenda kwanza kwa Tito, nikamkuta dukani kwake anachomelea waya. Nikamsalimia, nikamwomba radhi, akavuta kigoda. Anasema siku ile nilipokwenda kupika chai Baba alimwita chumbani, akamwomba njia ya kuongea na watoto wake wa Masaki. Simu iko kabatini, kishikwambi hakina laini, kwa hiyo Tito alimwekea programu ya kuzungumzia aliyoijua tangu zamani, inayotoa sauti kwa namba moja na kuipokea kwa nyingine. Usiku ule akampigia Mashaka, akamwelekeza kuiweka kwenye simu yake. "Ningeweza kumwekea ule mlango wa wazi kama wako," akasema. "Lakini mzee alisema hataki nyumba ya binti yake iachwe wazi kwa ajili yake. Anataka wa kufunguka akiuhitaji, kisha ujifunge."

Kutoka hapo nikaenda kwa Jenifa, amepanga chumba nyuma ya soko. Nilimwambia nimekosa. Akanikaribisha kiti akabaki amesimama.

"Kwenye pipa ulitoa nini, dada Jenifa?"

"Korosho saba. Babu aliona kanzu kambani, mfuko mtupu. Alinituma. Alisema usijue, utajisikia vibaya."

"Ungeniambia."

"Uliniuliza nimeiba nini. Hukuniuliza nimeona nini."

Nimemwomba kesho aje nasi Masaki, nampeleka Baba. Amekubali kwa ajili ya Baba, hakusema ni kwa ajili yangu.

2 Novemba, Masaki

Jana jioni nilimpa Baba simu yake, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikamwambia, "Baba, daktari aliruhusu tangu mwezi wa tisa."

"Najua," akasema. "Nilikuwepo. Nyonga aliyoishika ilikuwa yangu."

"Sasa mbona kila siku ulikuwa unaniuliza?"

"Nilikuwa nakupa nafasi ya kunijibu."

Leo tumeondoka asubuhi kwa gari la kukodi, Baba mbele, Jenifa na mimi nyuma na ile fremu. Baada ya Kisarawe mjini lami ikaisha, dereva akaanza kukwepa mashimo, na Baba akaanza kutaja mashamba ya watu kwa majina. Kote tulikopita chini ya miti kumefagiliwa, hakuna hata korosho moja.

Tulipofika kwetu dereva alisimamisha gari mwenyewe bila kuambiwa. Chini ya miti yetu ardhi haionekani. Mabibo yameoza, nyuki wamejaa, korosho zimelala moja juu ya nyingine, za wiki tano, hakuna iliyoguswa. Wanaume wazima wa ukoo wetu na wake zao na ndoo zao wamekaa ukingoni mwa shamba kwenye magogo. Mashaka amekonda. Alikuja akafungua mlango wa Baba, akamwamkia, kisha akanitazama.

"Nilifikiri unaziuza," nikamwambia, mbele ya wote.

"Nilijua unafikiri hivyo."

Baba akaingia na fremu yake. Sote tukabaki nyuma. Miguu ya fremu ilikuwa ikizama mchangani, anaivuta, anasogea, anaivuta. Chini ya mti wa kwanza akasimama, akainua mikono, akasoma. Akatoa zile saba za pipani mfukoni, akaziachia zidondoke. Kisha akajaribu kuinama, na nyonga ikakataa. Akajaribu tena. Niliona mgongo wake unatetemeka na nikajua hapa ndipo nilipokuwa nikihofia tangu mwezi wa tano, na sikukimbia kumshika.

Akageuza kichwa. "Mwanne. Njoo uiname."

"Mimi si mwenye shamba, Baba."

"Korosho ni zangu. Naazima mgongo."

Nikaingia. Akawa ananyoosha kidole, hii, siyo hiyo, ile pale, na mimi naokota na kumwekea kiganjani moja moja mpaka zikatimia. Akazitia mfukoni, akaupigapiga mfuko, akasema, "Haya jamani, mvua haina subira." Wakaingia wote kwa pamoja na ndoo zao, tukaokota mpaka adhuhuri.

3 Novemba

Kiuno hakinyooki. Magunia tisa. Baba anabaki hapa, Jenifa anabaki naye mpaka mwezi wa kumi na mbili ukiisha, kwa makubaliano yao wawili ambayo sikuulizwa. Mimi narudi Mbwawa jioni.

5 Novemba, Mbwawa

Imenyesha usiku kucha huku na huko. Mashaka anasema za bondeni, karibu theluthi ya shamba, zimeharibika zote. Alisema kama anavyosema habari nyingine yoyote. Ningependa angenigombeza.

12 Novemba

Mvua. Kazini nimefungua kamera bila kufikiri. Kitanda kitupu, kiti kitupu. Nimeangalia kiti mpaka mkuu wangu akanikoholea.

18 Novemba

Mvua. Nimempigia Baba mara mbili, simu haipatikani. Hajawahi kuipenda ile simu, sasa nadhani ameisahau mahali. Nimekasirika, kisha nikakumbuka ilikaa kabatini kwangu miezi mitatu.

24 Novemba

Jumapili. Nimeingia kwenye ruta. Nimetazama lile agizo la kwanza, la kamera, ule mlango usiofungwa saa yoyote. Nimelifuta. Ruta ikaniuliza una uhakika. Kisha nikafungua ukurasa wa pili na kuliandika upya agizo la Baba, zile namba mbili, ya kutokea na ya kurudia. Tito alinisomea kwenye simu na mimi nikaandika. Aliniuliza kama nataka aje kuhakikisha. Nikamwambia hapana, nimeelewa.

25 Novemba

Leo sikutoka saa moja kasoro robo. Nilikaa kwenye kiti cha Baba, nikaupa ukuta uso, nikaweka kishikwambi mapajani. Saa moja kasoro kumi nikabonyeza namba ya Mashaka.

"Haloo," nikasema. "Baba. Haloo."

Kimya. Nikaona nimekosea namba. Kisha nikasikia majani, na ndoo, na mtu anacheka kwa mbali, nadhani Jenifa, sijawahi kumsikia akicheka. Sauti ya Baba ikaja ikiwa na pumzi fupi.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Mwanne. Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Subiri hapo hapo, tunamalizia mti."

Nikasubiri.